Kijana wako anapoongoza filamu ya chuo na siku zimebaki chache

Kwa mzazi mwenye kijana anayesoma filamu, sanaa au uandishi wa habari, mwisho wa muhula una dalili zake. Sebule inageuka stoo ya taa na nyaya. Kanga ya mama haionekani, kisha siku moja inaonekana kwenye video ikiwa imevaliwa na mtu asiyemfahamu. Kijana anakula amesimama, simu begani, anazungumzia “sini” na “lokesheni”, na saa 8 usiku taa ya chumbani kwake bado inawaka. Ukimuuliza kulikoni, jibu ni moja: “Mama, nina dedilaini.”

Wazazi wengi huichukulia kazi hii kirahisi. Mtoto wa jirani anayesomea udaktari akikesha, nyumba nzima hupunguza sauti ya televisheni. Huyu wa filamu akikesha anaambiwa alale, aache mchezo. Ukweli ni kwamba mwongozaji wa filamu ya wanafunzi anabeba mzigo mkubwa kuliko unavyoonekana. Hana mshahara wa kumlipa mtu yeyote, lakini anawategemea watu kumi au kumi na wawili wa rika lake wafike saa 12 asubuhi, wavumilie jua, warudie sentensi moja mara tisa na bado wampende.

Watengeneza filamu wana kipimo chao: ukurasa mmoja wa skripti ni takribani dakika moja kwenye kioo. Hivyo filamu ya dakika nane ni kurasa nane tu. Inasikika kidogo. Lakini ukurasa mmoja wenye watu wawili wanaozungumza unaweza kumeza nusu siku, kwa sababu unapigwa kwanza kwa mbali, kisha uso wa huyu, kisha uso wa yule, kisha mkono unaoshika kikombe. Katikati yake anapita bodaboda, fundi seremala anawasha msumeno, muziki wa baa unaanza. Umeme unakatika. Na Dar es Salaam jua halisubiri mtu: mwaka mzima linazama saa 12 na kitu jioni, na mwanga wake hupotea haraka. Sini iliyoanza kwenye mwanga wa jioni isipokwisha, haimaliziki siku hiyo.

Chukua mfano wa binti mmoja wa mwaka wa tatu, mkazi wa Kimara. Alikuwa na skripti ya kurasa 11 na wiki mbili za kuitengeneza. Wiki ya kwanza ilipotea kwa mambo ambayo hakuna mwalimu anayeyafundisha. Mwenye nyumba aliyekubali sebule yake itumike alibadili mawazo baada ya kuona ukubwa wa taa. Barua ya serikali ya mtaa ilichukua siku tatu kwa sababu mwenyekiti alikuwa msibani. Kamera ya chuo hutolewa kwa zamu, na kundi lake lilipangiwa Jumamosi na Jumapili peke yake. Kazi ilitakiwa kukabidhiwa Jumatano saa 6 mchana.

Sini aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya baharini. Kijana ambaye kaka yake alikufa maji anaingia baharini usiku, maji yakimfika kifuani, anasimama, kisha anageuka kurudi nyumbani. Ilipangwa Jumamosi kuanzia saa 2 usiku hadi saa 6. Mwigizaji angeingia majini, atoke, ajifute, aingie tena, mara tano au sita.

Alhamisi usiku simu ya mama wa binti huyo iliita. Aliyepiga alikuwa mama wa mwigizaji.

“Mama mwenzangu, samahani kwa kukusumbua usiku huu. Huyu kijana wangu ana selimundu. Amenikataza nisimwambie mtu, anaogopa mtatafuta mtu mwingine. Lakini kuingia baharini usiku, hapana. Siwezi kunyamaza.”

Mama hakukimbilia chumbani. Alimsubiri binti amalize kula, ndipo akamweleza. Jibu la kwanza lilikuwa hasira, na ni vizuri kulisema hivyo hivyo, maana hasira ya mtu ambaye hajalala siku nne si ukatili.

“Mama, ile sini ndiyo filamu yenyewe!”

“Sawa mwanangu. Nieleze tu, anayeitazama anatakiwa aelewe nini?”

Binti alinyamaza. “Kwamba ameamua kurudi nyumbani.”

“Sasa ni lazima alowe?”

Usiku huo binti hakuandika chochote kwenye kundi la WhatsApp la filamu. Alimpigia mwigizaji peke yake. Hilo lilikuwa jambo la busara kuliko yote aliyofanya wiki ile, kwa sababu ugonjwa wa mtu ni siri yake hata kama mama yake ameshausema. Kijana alikasirika kidogo na mama yake, kisha akatoa masharti: maji ya kunywa yawe karibu, akae chini kila kamera inapohamishwa, watakaoambiwa ni wawili tu, na watu wasimfanye yai.

Sini ilihamishiwa Jumapili saa 10 jioni, mchangani. Kijana ameshika shati la kaka yake lililolowa, analikamua, analikunja kama nguo ya kupeleka kabatini, anaondoka. Bahari iko nyuma yake. Iliyopangiwa saa nne ilikwisha kwa dakika 40. Binti alikata na sini nyingine mbili ambazo, alivyosema mwenyewe, alizipenda kwa sababu ya lokesheni tu. Kurasa 11 zikawa nane, na Jumamosi watu wote walikuwa makwao saa 2 usiku.

Mambo hayakunyooka moja kwa moja. Jumapili mchana, wakirekodi barabarani juani, magoti ya mwigizaji yalianza kuuma. Msaidizi wa mwongozaji, ambaye alikuwa mmoja wa wale wawili, alimpeleka kivulini, akampa maji, kijana akameza dawa zake alizoandikiwa. Mwongozaji aliendelea na vipande ambavyo havikumhitaji. Maumivu yalitulia, na saa 10 alisimama mchangani. Filamu ilikabidhiwa Jumatano saa 5 asubuhi. Alama zilikatwa kwenye sauti, kwa sababu katika sini moja kuna mashine ya kusaga nafaka inayonguruma ambayo hakuna aliyeisikia siku ya kurekodi.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, wakikadiriwa kuwa takribani 11,000 kila mwaka. Wengi wao siku hizi wanakua, wanafika chuo, wanaigiza, wanashika kamera. Kwa mwenye ugonjwa huu, chembe nyekundu za damu hubadilika umbo na kuwa kama mundu, hukakamaa na kuziba mishipa midogo. Vinavyochochea hali hiyo vinajulikana vizuri: baridi, upungufu wa maji mwilini, uchovu mkali, maambukizi. Ukiangalia ratiba ya filamu ya wanafunzi utaona vitatu vya kwanza vimepangwa kwa zamu. Watu hawanywi maji ili wasikatize kazi kwenda chooni. Hawalali. Wanalowa usiku na kusimama kwenye upepo.

Maumivu yakianza na yasitulie kwa kupumzika, maji na dawa za kawaida za mgonjwa, ni hospitali. Homa, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili havisubiri sini iishe. Hapo mwongozaji anasimamisha kamera.

Selimundu haiko peke yake. Mwenye kifafa anaweza kupata degedege kwa sababu tu ya kukosa usingizi, hata kama dawa anameza vizuri. Mwenye pumu huteswa na vumbi la nyumba iliyofungwa muda mrefu, ambayo ndiyo nyumba wanafunzi hupewa bure, na moshi wa makaratasi wanaouchoma ili mwanga uonekane vizuri. Mwenye kisukari anayechoma insulini hawezi kuambiwa chakula kitakuja “tukimaliza hii”. Mwongozaji hahitaji kujua historia ya kila mtu. Anahitaji kumuuliza kila mmoja, faraghani na mapema, kama kuna jambo la afya ambalo kundi linapaswa kulizingatia, na dawa yake hukaa wapi. Swali hilo mzazi anaweza kumkumbusha kijana wake bila kuonekana anaingilia kazi.

Suala la kukata skripti lina historia yake pia. Vijana wa filamu humpenda Robert Rodriguez wa Texas, aliyerekodi El Mariachi mwaka 1991 kwa takribani dola 7,000 na kwa wiki mbili hivi. Sehemu ya fedha hizo aliipata kwa kulazwa kwenye kituo cha utafiti wa dawa, akilipwa ili dawa mpya zijaribiwe mwilini mwake. Sehemu hiyo ya hadithi husimuliwa kwa sifa kupita kiasi, na kijana akiileta mezani mzazi ana haki ya kukunja uso. Yenye faida zaidi ni sehemu nyingine: Rodriguez aliandika skripti akianzia kwenye vitu ambavyo tayari alikuwa na uwezo wa kuvipata, kama basi, baa, mbwa, hata kobe, katika mji mdogo wa rafiki yake. Alianza na kilichopo. Wanafunzi wengi huanza na kisichopo, helikopta au ofisi ya waziri, kisha hutumia usiku wa kulala kukitafuta.

Sasa usingizi wenyewe. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa nane hadi 10 kwa siku, na aliyevuka hapo saa saba hadi tisa. Hakuna mtu anayetarajia mwongozaji apate zote wiki ya kurekodi. Lakini ajue anachopoteza. Watafiti wamelinganisha watu waliokosa usingizi na watu waliokunywa pombe, wakiwapa majaribio yale yale ya umakini. Baada ya saa 17 macho, utendaji wa mtu hushuka kama wa mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi hazimruhusu dereva kukivuka. Aliyeamka saa 12 asubuhi anafika hapo saa 5 usiku. Akipitiliza hadi asubuhi inayofuata ni sawa na asilimia 0.10.

Kinachoanza kuharibika ni kile ambacho mwongozaji anakihitaji zaidi: uwezo wa kuamua, kugundua kosa na kuzuia hasira. Mtu aliyechoka hurudia picha mara 14 kwa sababu hajui tena ipi ni nzuri. Husahau kubonyeza kitufe cha kurekodi. Hufuta memori kadi akidhani ameshahamisha kazi kwenye kompyuta, na makundi mengi ya wanafunzi yana angalau mtu mmoja mwenye kisa cha namna hiyo. Anayejisifu kwamba kukesha kunaokoa muda mara nyingi hulipa muda huo kesho yake, pamoja na riba.

Hatari kubwa zaidi iko njiani. Mwaka 1997 nchini Marekani, Brent Hershman, msaidizi wa mpiga picha kwenye filamu ya Pleasantville, alifariki dunia kwenye ajali ya gari akirudi nyumbani baada ya kazi ya saa 19. Maelfu ya wafanyakazi wa filamu walitia saini kudai siku ya kazi isizidi saa 14, na mpiga picha mkongwe Haskell Wexler baadaye alitengeneza filamu ya kumbukumbu iitwayo Who Needs Sleep? kuhusu jambo hilo hilo. Hao walikuwa watu wazima, wenye chama cha wafanyakazi na mishahara. Wanafunzi wetu hupanda bodaboda saa 8 usiku wakiwa na begi la kamera mgongoni, wakisinzia. Usingizi wa sekunde tatu au nne unatosha kumwachisha mtu kushika. Na dereva wa bodaboda naye huenda yuko kazini tangu alfajiri.

Kwa hiyo kama mzazi ana nguvu ya kusaidia jambo moja tu kwenye filamu ya mtoto wake, asaidie usafiri wa kurudi. Mzazi mwenye gari apange mapema saa ya kuwafuata. Wasio na gari wachangie bajaji au Noah ya mtu wanayemfahamu, au wakubaliane nyumba moja ambako vijana watalala hadi kuche, wasichana chumba chao na wavulana chao, kila mzazi akijua mtoto wake yuko wapi. Magodoro sakafuni ni nafuu kuliko safari ya saa 9 usiku.

Halafu kuna yale makopo. Vinywaji vya kuongeza nguvu vimekuwa sehemu ya vifaa vya filamu kama betri. Kopo la kawaida la mililita 250 huwa na takribani miligramu 80 za kafeini, na chupa kubwa huzidi hapo. Kafeini haitengenezi nguvu. Inaziba tu mlango ambao uchovu hutumia kupeleka taarifa kwenye ubongo, na uchovu wenyewe unaendelea kurundikana nyuma ya mlango. Kwa watu wengi nusu yake bado iko mwilini baada ya takribani saa tano: anayekunywa saa 4 usiku ana nusu yake saa 9 usiku, akiwa kitandani anahesabu mabati. Chuo cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishatamka mwaka 2011 kwamba watoto na vijana wadogo hawapaswi kunywa vinywaji hivi kabisa. Mwenye mapigo ya moyo yasiyo sawa, presha au kifafa ashauriane na daktari wake kabla hata ya kopo la kwanza. Aliye mkubwa na mzima anywe chai au kahawa mchana, na ikifika jioni aache.

Kinachosaidia kweli ni kulala kidogo. Katika utafiti wa NASA kwa marubani wa safari ndefu, waliopewa dakika 40 za kupumzika walilala wastani wa dakika 26, na baadaye walikuwa macho zaidi kuliko wenzao ambao hawakupewa. Mwongozaji anaweza kuiba dakika hizo wakati taa zinahamishwa, ilimradi kuna msaidizi anayejua la kufanya. Akiamka asikimbilie maamuzi papo hapo. Anawe uso, anywe maji, apewe dakika 15.

Chakula nacho ni jambo ambalo wazazi wanalijua kuliko mwalimu yeyote wa filamu. Vijana wakiachiwa bajeti, hununua chipsi saa 10 jioni na kuita chakula cha mchana. Sufuria la wali maharage, ndizi mbivu, karanga na dumu la maji safi lita 20 vinatosha watu 12, na watu walioshiba hugombana kidogo. Mama wa Kimara alipeleka viazi vitamu vya kuchemsha na chai ya tangawizi saa 1 asubuhi, akaondoka bila kuuliza filamu inahusu nini.

Kuondoka huko kuna maana. Wapo wazazi ambao wakifika lokesheni huanza kumsahihisha mwongozaji mbele ya wenzake: “Mbona huyo hajafunga kitambaa vizuri?” Kijana anayejaribu kusikilizwa na watu 10 wa rika lake hupoteza mamlaka yote kwa sentensi moja ya mama. Yakiwepo ya kusema, yasemwe nyumbani. Na kama jambo ni la usalama, kwa mfano mtu amepanda juu ya bati au waya wa umeme uko kwenye maji, aitwe pembeni na aambiwe palepale.

Usiku wa mwisho wa kuhariri ndio wazazi huumia nao kuutazama. Kompyuta inaganda, inabaki asilimia 92, inazimika. Njia ya kupunguza mateso hayo ni kuwa na nakala ya filamu iliyo tayari kukabidhiwa jioni moja kabla, hata kama haijapendeza. Ikipendeza usiku huo, inabadilishwa. Isipopendeza, kuna kitu cha kupeleka. Binti wa Kimara alikuwa na nakala yake Jumanne saa 3 usiku, akalala saa sita, akaamka na kurekebisha rangi kwa saa mbili. Mashine ya kusaga hakuisikia hata hapo.

Baada ya kukabidhi, kijana anaweza kulala saa 12 mfululizo. Mwacheni. Siku mbili tatu za uchovu, kutotaka kuongea na kulia kwa jambo dogo ni za kawaida kwa mtu aliyetoka kwenye shinikizo. Arudishwe kwenye saa zake za kulala taratibu, atoke nje asubuhi apate mwanga, simu ibaki sebuleni usiku. Ila zikipita wiki mbili bado halali au analala mno, hali vizuri, ameacha vitu alivyovipenda, anasema hana maana au ni bora asiwepo, hapo hoja si filamu tena. Aende kuonana na daktari au mshauri wa chuo, na mzazi amsindikize. Akitamka kujiumiza, asiachwe peke yake hata saa moja, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.